Shangazi, Kwani MoMo Haitoshi?

Tulikuwa tumeketi kwenye benki moja hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mimi na binti wa kaka yangu. Alikuwa amebakiza siku chache apande basi la Kampala kuanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Makerere. Barua ya kupokelewa chuoni ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, kitambulisho cha taifa juu yake, picha za pasipoti juu ya kitambulisho. Karani alituita, akasikia tunaongea Kiswahili, naye akatuhudumia kwa Kiswahili: "Mnataka akaunti ya aina gani?"

Binti akanigeukia mimi badala ya kumjibu.

"Shangazi, kwani MoMo haitoshi?"

MoMo ndiyo pesa ya simu ya MTN. Karani ndiye aliyejibu. Alisema benki ni salama zaidi, akatupa fomu, akamwita mtu wa nyuma yetu. Binti alizitazama zile fomu, akasema angependa kufikiri kwanza. Tukazikunja, tukatoka. Siku ya safari alipanda basi la usiku bila akaunti, na mimi nikabaki na swali lake. Lilinifuata kwa wiki kadhaa, sokoni, jikoni, hata kwenye foleni ya kibanda cha njano cha wakala wa MoMo nilipokwenda kutoa pesa yangu mwenyewe.

Swali lilikuwa la haki.

## Aliona nini yeye

Ada ya sekondari yake ililipwa kwa simu kupitia SchoolPay, mfumo wa kulipia ada za shule. Nauli, sabuni, pesa ya likizo, vyote vilipita kwenye simu. MTN ilipoanzisha huduma hiyo Uganda mwaka 2009, yeye alikuwa hajaanza shule ya msingi. Hajawahi kumwona mtu wa nyumbani kwetu akipanga foleni benki ili chakula cha jioni kipatikane.

Hata ada ya chuo haimlazimishi mwanafunzi kuwa na akaunti. Anaingia kwenye mfumo wa chuo, anapata PRN yake, ile namba ya malipo, anamtumia baba. Baba analipa akiwa Arua, benki au kwa simu. Pesa ile kubwa haipiti mikononi mwa mtoto kabisa.

Kinachobaki ni pesa ya kuishi: chakula, fotokopi, boda siku ya mvua, umeme wa hosteli. Kaka yangu alikuwa amepanga shilingi 850,000 kwa muhula. Muhula wa Makerere ni wiki 17, kwa hiyo ni shilingi 50,000 kwa wiki. Nani anahitaji benki kwa pesa hiyo?

Na usalama aliousema karani? Pesa ya simu ina namba ya siri. Simu ikinyakuliwa na wale wa pikipiki, laini hurudishwa na salio likakutwa palepale. Tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020, kampuni ya simu inatakiwa kuweka pesa za wateja kwenye akaunti ya amana benki, mbali na pesa zake yenyewe. Pesa ya MoMo tayari iko benki, ila mwenyewe huioni huko.

Basi nilikuwa natafuta jibu jingine.

## Nyumba ya mabati

Nyumbani kwetu neno "salama" likitajwa pamoja na pesa, wazee hunyamaza kwanza.

Marehemu baba yetu alikuwa amekusanya pesa ya mabati. Mei 1987 pesa ikabadilishwa: sifuri mbili zikaondolewa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa kama kodi ya kubadilisha. Baba alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba alilala na nyumba ya mabati akaamka na nyumba ya nyasi. Kisha ukaja mwaka 1999, Greenland Bank na Cooperative Bank zikafungwa mwaka huohuo mmoja. Kaka alikuwa kijana wakati huo, akiwasikiliza wazee kwenye baraza. Alipokuwa mtu mzima mwenye duka lake, Oktoba 2016, akasikia redioni kwamba Benki Kuu imeichukua Crane Bank. Miezi michache baadaye, Januari 2017, ikauzwa kwa benki ya dfcu.

Kwa hiyo kaka hana imani na benki, na hana imani na simu. Ana imani na bidhaa zilizoko dukani.

Nilimweleza jambo ambalo wazee wetu hawakuwa nalo kwa kiwango hiki: Mfuko wa Ulinzi wa Amana. Leo taasisi yenye leseni ya Benki Kuu ya kupokea amana ikianguka, mfuko huo unamlipa kila mteja hadi shilingi milioni 10. Pesa ya mwanafunzi wetu haifiki hata milioni moja. Iwe benki yenye jengo la vioo Kampala Road au taasisi ndogo ya mikopo na amana yenye mlango mmoja, mradi ina leseni hiyo, pesa yake yote iko chini ya ulinzi huo. SACCO za mtaani, vile vyama vya akiba na mikopo, hazimo. Naziheshimu SACCO, zimejenga nyumba nyingi mtaani kwetu, lakini pesa ya chakula ya mtoto aliye mbali singeiweka huko.

Kaka alisikiliza, akasema sawa. Hilo likaisha mapema kuliko nilivyotarajia, na bado swali la binti lilikuwa halijajibiwa.

## Namba inayojulikana na kila mtu

Jibu lilikuja jioni moja binti alipopiga simu kutoka Kikoni, mtaa wa jirani na chuo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Baba yake alikuwa amemtumia pesa yote ya muhula kwa mkupuo, kwenye MoMo, kwa sababu akaunti haikuwepo. Na kwa kuwa ni baba mwenye furaha, aliwaambia watu dukani kwamba binti yake ameshapata pesa ya muhula mzima. Kabla wiki haijaisha, simu zikaanza. Binamu ana mtoto mgonjwa Koboko. Rafiki wa sekondari amekwama kwenye kituo cha mabasi. Mama mmoja wa mtaani anaomba "kidogo tu mwanangu, nitarudisha Ijumaa." Wote wana namba yake. Wamekuwa nayo tangu alipopata simu ya kwanza, na namba ya simu ndiyo namba ya pesa.

"Shangazi," akaniambia, "mimi sijui kusema sina wakati ninayo."

Niliandika maneno hayo nyuma ya kitabu cha mahesabu.

MoMo ni baraza la nyumba. Kila apitaye anaona nani amekaa, anasalimia, anaomba maji, na ni vigumu kumnyima mtu maji huku mtungi uko mbele yake. Akaunti ya benki ni chumba cha ndani. Mgeni hajui kilichomo, na mwenyewe hulazimika kusimama, kuingia na kutoka nacho.

Na si ndugu tu wanaopita barazani. Kwenye simu hiyohiyo kuna mikopo ya papo hapo, inayotolewa kwa kubonyeza mara chache na kudaiwa mwezi haujaisha. Kuna kubeti. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza, maana yake karibu kila kijana aliye katika shahada ya kwanza amekatazwa. Lakini pesa ya kubeti hulipwa kwa simu, usiku, kitandani, wakati chakula cha wiki ijayo kiko kwenye menyu ileile. Wavulana wa hosteli ya jirani wanalala njaa katikati ya muhula na wazazi wao wanadhani chakula kimepanda bei.

Akaunti haimzuii mtu kufanya hayo. Inamchelewesha. Lazima afungue programu ya benki, ahamishe, au avae viatu atembee mpaka ATM ya Wandegeya. Mwendo huo mfupi ndio niliokuwa nautafuta bila kujua jina lake. Mtu wa miaka 19 akipata dakika za kutembea, mara nyingi hufika akiwa ameshaamua.

## Je, namfundisha kujificha?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Mimi nilisomeshwa kwa michango. Mjomba wetu aliuza ng'ombe. Shangazi yangu, ambaye naye alikuwa na watoto, alileta pesa iliyofungwa kwenye pindo la kitenge. Kama kila mmoja wao angekuwa na chumba cha ndani chenye kufuli, ningesoma? Na sasa mimi, niliyelishwa na mikono ya watu, ninamwambia mtoto wa kaka yangu aweke pesa mahali ambapo watu haohao hawataiona?

Nililizungusha jambo hili kichwani usiku mwingi.

Nilichokiona ni kwamba mjomba aliamua. Alikaa na mkewe, wakazungumza, wakachagua ng'ombe, wakaenda mnadani. Hakuna aliyemkamata kwa simu akiwa katikati ya shughuli akamtaka jibu kabla hajavuta pumzi. Alitoa akijua anatoa nini na nini kitabaki. Binti yetu alipomtumia yule mama wa mtaani, hakujua kwamba anatuma chakula cha wiki ya 14. Hata yule mama hakujua. Angejua, naamini asingeomba.

Isitoshe, ile 850,000 si mali yake binafsi ya kutapanya wala kuficha. Ni mchango uliokwisha kutolewa kwa kazi maalumu. Baba yake ameuza sukari na sabuni miezi mingi ili ipatikane.

Lakini mtoto mgonjwa wa Koboko naye yupo. Siwezi kumwambia mpwa wangu kwamba mtoto huyo asubiri.

Tulizungumza mimi naye, tukakubaliana kwamba katika pesa ya muhula kuna fungu la watu. Si kubwa. Yeye ndiye anayeamua linakwenda kwa nani, na hahitaji kuniuliza. Likiisha, akisema "sina" atakuwa anasema kweli, na sauti yake haitatetemeka. Sina hakika kwamba hilo linatosha. Nina hakika kwamba ni bora kuliko kumwacha achague kati ya uongo na njaa.

## Kuchagua, sasa kwa kweli

Baada ya hapo kuchagua benki kulikuwa kazi ya mchana mmoja, kwa sababu tulijua tunatafuta nini.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza tawi gani liko karibu na chuo. Mimi nasema anza na anayetuma. Kaka anafunga duka usiku, benki zimeshafungwa. Basi tulitafuta benki yenye wakala karibu na duka lake, kwenye kibanda anachokijua, ambako kuweka pesa hakumgharimu kitu. Mpokeaji yeye alihitaji ATM ya benki hiyohiyo anayoweza kuifikia kwa miguu, kwa sababu kutumia ATM ya benki nyingine kuna makato yake. Tawi lenyewe huenda asiingie tena mpaka kadi ipotee.

Hesabu ya makato nilimfanyisha yeye mwenyewe, kwenye karatasi. Kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kila unachotoa. Ilianza Julai 2018 ikiwa asilimia 1 ya miamala, watu wakalalamika, ikapunguzwa na kubaki kwenye kutoa. Kwa 850,000 hiyo ni shilingi 4,250, na haimgusi anayetoa kwenye ATM ya benki. Juu yake kuna ada ya wakala, ambayo inakwenda kwa ngazi, na anayetoa kidogo kidogo huumia zaidi kuliko anayetoa mara moja. Upande wa benki kuna ada ya mwezi, ada ya kadi, ada ya kutoa, na ada ya kuhamisha kutoka akaunti kwenda kwenye simu. Akaunti nyingi za wanafunzi husamehe ada ya mwezi na hazidai salio kubwa la kubaki. Lakini mwanafunzi akiwa na tabia ya kuhamisha 5,000 kila siku kwenda kwenye simu, kisha kuzitoa kwa wakala, atalipa mara mbili, na akaunti yake ya bure itamgharimu kuliko MoMo peke yake.

Tulipojumlisha, tofauti kwa muhula mzima ilikuwa sahani chache za kikomando, yaani chapati na maharage. Hilo lilimshangaza. Matangazo yote yanazungumzia ada, na kumbe mwenye kuamua ukubwa wa ada ni mkono wake mwenyewe.

Riba hatukuijadili. Pesa inayoliwa ndani ya wiki 17 haizai kitu cha maana, na kinachozaliwa hukatwa kodi ya asilimia 15.

Swali moja tu nililomsisitizia aulize kwa mdomo na asubiri jibu: nikimaliza masomo, akaunti hii inageuka nini? Kwa kawaida hugeuka akaunti ya kawaida, na ada ya mwezi huanza kukatwa kimyakimya wakati kijana hana kazi bado. Wengine huja kugundua baada ya miaka, salio limeliwa. Tarehe ya kumaliza aiandike mahali.

Mwenzake wa chumbani, binti wa Kikongo aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, walikwenda naye siku ileile. Dirisha la kwanza lilimdai NIN, ile namba ya kitambulisho cha taifa ambayo mkimbizi hana, wakamrudisha. Hakukata tamaa. Alikwenda benki nyingine na kitambulisho cha mkimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, wakakikubali bila maneno mengi. Naandika hili kwa ajili ya wengine kama yeye: ukirudishwa, nenda mlango wa pili.

## Kaka anataka kuona

Nilidhani tumemaliza. Kisha kaka akapiga simu.

Alitaka namba yake ya simu ndiyo iandikwe kwenye akaunti, ili kila binti akitoa shilingi, ujumbe uje kwake dukani.

"Dada, anayelipa ndiye anayeona," akasema.

"Kaka, ana miaka 19. Kisheria ni mtu mzima."

"Ni mtu mzima kwa pesa ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ndani ya ukali wake kulikuwa na hofu ninayoijua. Ni hofu ya mtu aliyemwona baba yake akipoteza mabati. Ni hofu ya mji mkubwa, ya wanaume wenye magari, ya kuchelewa kujua. Angetaka kuwa karibu na binti yake, na ujumbe wa benki ndio ukaribu pekee aliouona unawezekana akiwa Arua.

Lakini nilifikiria msichana anayetoa 10,000 kununua pedi na baba yake anajua saa ileile, kisha anapiga simu kuuliza ya nini. Angeacha kuitumia akaunti. Angetoa yote siku ya kwanza na kuiweka chini ya godoro, na tungekuwa tumerudi kwa babu yake. Na ujumbe ule ni ulinzi wake yeye: mtu akiiba kadi, wa kwanza kujua lazima awe yeye aliye karibu na ATM.

Nilimwambia kaka hivyo, pamoja na habari ya godoro. Alinyamaza. Halafu akauliza kama kuna njia nyingine.

Iko njia, na binti mwenyewe ndiye aliyeipendekeza. Namba ya simu ni yake. Mwisho wa muhula atachukua taarifa ya akaunti na kumtumia baba yake, yote, bila kufuta mstari. Pesa inakaa benki, na kila Jumapili jioni anahamisha 50,000 mara moja kwenda kwenye simu, basi. Jumatatu mpaka Jumamosi anaishi na hiyo. Wiki za kwanza ilimwishia Alhamisi, akala chai na chapati. Siku hizi inafika Jumamosi, na mara nyingine inabaki.

Kaka amekubali kuhusu namba. Taarifa ya kwanza itakwenda Arua muhula ukifungwa, na ndani yake kuna mistari ya fungu la watu ambayo hataielewa mara moja, hasa ule wa Koboko. Nimemwomba mambo mawili: aisome binti akiwa amekaa naye, na aulize kabla ya kupandisha sauti. La kwanza amelikubali. La pili bado tunalizungumza.